Jokofu na Mtungi

Baridi si kitu. Neno hili huenda likakushangaza, msomaji, lakini ni la kweli. Joto ni nguvu. Laweza kupimwa, kuingizwa na kutolewa. Baridi ni jina tu la upungufu wa joto, kama giza lilivyo jina la upungufu wa nuru. Kwa hiyo mashine tunayoiita jokofu haitengenezi baridi hata chembe. Kazi yake ni uchukuzi: hubeba joto lililo ndani na kulitupa nje. Ukitaka kushuhudia, weka kiganja chako karibu na mgongo wa jokofu linalofanya kazi. Fukuto utakaloliona hapo ndilo mzigo uliotuliwa.

Hapa Garsen, ninapofundisha, maarifa haya si mapambo ya ubao wa darasa. Mji wetu u karibu na Mto Tana, mahali ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika, tawi moja likaelekea Hola na Garissa, na jingine Witu na Lamu. Jua la hapa halina haya. Samaki wa mvuvi wa Kipokomo na maziwa ya mfugaji wa Kiorma hushindana na saa tangu asubuhi, na mara nyingi saa hushinda. Lakini samaki akioza, hasara yake ni chakula cha siku moja. Nyumbani kwangu kulikuwa na kitu ambacho hasara yake ingekuwa kubwa zaidi.

Mama yangu ana ugonjwa wa kisukari, naye huishi kwa sindano za insulini. Dawa hii ilivumbuliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza kudungwa, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha namna ile alikuwa akingoja kifo tu. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa katika joto la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Zikichomwa na jua huharibika, na zikiganda barafu huharibika vile vile. Kwa hiyo jokofu letu dogo halikuwa pambo la sebule. Lilikuwa mlinzi wa uhai wa mzee.

Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena kwa udhaifu, taa zikiwa nyekundu kama makaa yanayozimika. Alfajiri jokofu lilikuwa kimya. Taa yake ya ndani iliwaka, lakini ule mngurumo tuliouzoea haukusikika. Fundi alifika saa tatu, akapima nyaya kwa kipimo chake, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "moyo umekufa, lakini mishipa ingali mizima. Kompresa imeungua."

Nilimwuliza sababu. Alinieleza kuwa kompresa ikilazimishwa kuanza kazi kabla msukumo wa gesi iliyomo haujatulia, au ikipewa umeme hafifu, mota yake hushindwa kuzunguka; nyaya zake hupata moto mpaka zikaungua. Kisha alinipa shauri la namna mbili. Alikuwa na kompresa kuukuu iliyotolewa katika jokofu jingine, ya bei ndogo, ambayo angeifunga siku ile ile. Au tungoje siku tatu, aagize mpya kutoka Mombasa. Tukasoma pamoja kibao cha jokofu: kiliandikwa R134a, jina la gesi yake. Kompresa kuukuu ilikuwa ya gesi nyingine na mafuta mengine. "Itazunguka," fundi akakiri, "lakini sitakuapia kuwa itadumu." Mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akakata shauri kwa maneno machache: "Mwanangu, ngoja iliyo sawa. Mtungi upo."

Tukatwaa mitungi miwili ya udongo, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Mdogo tukauweka ndani ya mkubwa, nafasi iliyobaki katikati tukaijaza mchanga wa mto, tukaulowesha kwa maji. Chupa za dawa tukazitia katika kopo lisilopenya maji, tukaliweka ndani na kufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Ufundi huu ulienezwa Nigeria na mwalimu Mohammed Bah Abba, aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa ajili yake. Lakini asili yake ni hekima kongwe ya mitungi iliyowapoza maji wazee wetu. Adhuhuri nilipima: kivulini nje nyuzi 34, ndani ya mtungi nyuzi 27. Haikuwa baridi ya jokofu, na siku ya unyevu mwingi hewani mtungi hulegea. Lakini ilitosha kutuvusha. Muuguzi niliyemwendea alinithibitishia hivyo, akanikataza kuongeza siku kwa kubahatisha. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuata hali ya joto ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, Dadaab, ulionyesha kuwa insulini yaweza kuhimili joto la nyuzi 25 hadi 37 kwa majuma manne bila kupoteza nguvu.

Siku ya nne fundi alirudi. Aliivuta gesi iliyobaki akaitia katika mtungi wa chuma, asiiachilie hewani, kwa kuwa gesi hiyo huzidisha joto la dunia. Akakata mabomba, akatoa kompresa iliyoungua, akasafisha njia kwa naitrojeni, akabadilisha chujio, akachomelea kompresa mpya. Akapaka povu la sabuni kwenye viungo ili kutafuta mvujo. Kisha pampu ikanyonya hewa yote na unyevu wote, maana tone moja la maji laweza kuganda na kuziba bomba lililo jembamba. Mwisho akapima gesi mpya kwa mizani, kiasi kile kile kilichoandikwa kibaoni, wala asikisie kwa jicho. Akafunga pia kifaa kinachochelewesha umeme dakika chache kila urudipo.

Nikimtazama, nilitambua kuwa mtungi na jokofu ni ndugu wa tumbo moja. Maji yakigeuka mvuke juu ya udongo, huondoka na joto. Gesi iliyo majimaji ikigeuka mvuke ndani ya mabomba, hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni hii: mtungi hupoteza maji yake hewani, na lazima utiwe mengine, jokofu huukusanya mvuke wake na kuutumia tena. Kompresa ndiyo mkusanyaji huyo. Huubana mvuke, nao ukatoa joto lake nje, ukarudi kuwa majimaji. Jacob Perkins alipata hati ya uvumbuzi wa mzunguko huu London mwaka 1834, lakini sehemu yake ya kwanza ilijulikana na kila mfinyanzi.

Basi, kijana msomaji, usiidharau hekima kongwe kwa sababu haina waya, wala usiiogope mashine kwa sababu ina waya. Zote mbili hutii sheria moja, na anayeijua sheria hiyo hakosi njia siku moja kati ya hizo inaposhindwa. Na ukiitwa siku moja kutengeneza kitu cha mwenzio, kumbuka kuwa huenda nyuma ya mlango wake pana mgonjwa. Kazi ya haraka humpendeza mwenye haraka. Kazi iliyo sawa humlinda hata asiyejua ilivyofanywa.