Meza Yetu ya Samaki, Posta

Kabla serikali haijahamia Dodoma, kundi letu lilikuwa na meza yake katika mgahawa mmoja wa samaki, mitaa ya nyuma ya Kanisa la Azania Front, eneo la Posta, katikati ya Dar es Salaam. Wawili walikuwa watumishi wa wizara, mmoja mwalimu wa Upanga, mwingine karani bandarini, na mimi nilikuwa nikihariri vitabu ofisi ya jirani. Tulikutana Ijumaa mchana, wenzetu waliokwenda kuswali Kitumbini wakisharudi. Aliyetangulia aliwaagizia wote, na aliyechelewa alikuta kichwa cha kolekole kimeshapata mwenyewe.

Mgahawa haukuwa na orodha ya vyakula. Kila alfajiri mama mwenye mgahawa alishuka soko la samaki la Feri kwa miguu, akasimama mnadani pamoja na wachuuzi, na alichokipata ndicho tulichokula. Siku za bamvua tulipata pweza, kwa kuwa maji yakipwa sana miamba hubaki wazi na wavuvi huwafuata mashimoni kwa miguu. Giza la mwezi lilileta dagaa. Kusi ikichacha, vyombo vidogo haviendi mbali, basi tulikula changu na tasi wa karibu, kwa wali wa nazi na ukwaju uliokolea pilipili; jodari na nguru tuliwangoja bahari itulie. Sisi watu wa ofisini, tuliojua mwezi wa mshahara tu, tulijifunza kwa yule mama kuhesabu mwezi wa angani.

Alitufundisha na jambo jingine, la uchungu. Miaka ile uvuvi wa baruti ulikuwa umekithiri katika pwani yetu, na milipuko ilisikika hata kando ya jiji. Mchana mmoja alituita jikoni, akatuwekea changu wawili ubaoni. Wa kwanza nyama yake ilikuwa imekaza. Wa pili alipopasuliwa, damu ilikuwa imevilia tumboni, uti wa mgongo umevunjika, na nyama ukiibonyeza hairudi.

“Huyu kapigwa, wanangu,” alisema. “Msimle hata mkipewa bure.”

Tangu siku ile sikuweza tena kumtazama samaki mezani bila kuwaza ametoka vipi majini. Baruti haichagui: humuua mkubwa pamoja na vitoto vyake, na huyavunja matumbawe ambayo ndiyo maficho na malisho yao, nayo matumbawe hukua polepole mno. Mama yule aliwahi kutuwekea mezani maharage matupu badala ya kununua samaki wa namna hiyo, nasi tulilipa na kumshukuru. Kuanzia mwaka 2016 hivi, serikali ilipokaza doria na kuwakamata wahusika, milipuko ilipungua mno. Nafurahi kuliandika hilo.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma. Uamuzi wa kuhama ulikuwapo tangu 1973, ukakaa muda mrefu hata wengi tukaacha kuufikiria. Safari hii mafaili yalifungwa kweli. Mwenzetu wa kwanza aliondoka, wa pili akafuata, na barabara ya Kivukoni, iliyokuwa ikijaa mashati meupe saa saba mchana, ikapwaya. Migahawa ya Posta iliishi kwa watumishi wale. Yetu ilipunguza meza, ikaanza kuuza chipsi kuku, ikaleta na sato wa Mwanza waliofika na barafu. Simlaumu mama, watoto wake walisoma kwa jiko lile. Baadaye oda zikawa za simu, bodaboda wakisubiri mlangoni. Hapo nina msimamo: samaki wa kupaka ni wa kuliwa palepale alipotolewa motoni. Akishafungiwa kwenye boksi, mvuke unamlegeza, na ule ukavu wa moto juu ya ngozi, ambao ndio tulioufuata, unapotea.

Kwa basi, Dodoma ilikuwa safari ya kutwa nzima, na mtu hasafiri kutwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Tulionana misibani na harusini. Julai 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda hadi Dodoma, mwendo wa kama saa nne, na mambo yakageuka. Sasa tunakutana Jumamosi. Meza zimeunganishwa mbili, maana kuna wake, waume na watoto ambao zamani hawakuwamo. Wenzetu wanashuka na zabibu za kule na kurudi na nguru kwenye ndoo ya barafu.

Mgahawa sasa anao binti wa yule mama. Haendi mnadani, dalali humtumia picha kwenye simu, naye hulipa kwa simu hiyohiyo. Kolekole ninaowaona ni wadogo kuliko wale wetu, na hilo linanihuzunisha. Lakini samaki akifika, binti humpasua mwenyewe na kupitisha kidole kwenye uti wa mgongo, na asiyemridhisha humrudisha na bodaboda yuleyule aliyemleta. Jumamosi ijayo mwezi utakuwa mpevu na bamvua limeingia. Nimeshampigia simu atuwekee pweza, na wa Dodoma wamekata tiketi za treni ya asubuhi.