Saini ya Rais na Lango la Gereza

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia, mkazi wa Butimba, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikikusanya kumbukumbu za marais wetu. Sanduku langu la bati lina shilingi ya mwaka 1966, upande mmoja sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Lina sarafu ya shilingi 50 ya Mzee Mwinyi, ya 200 ya Mzee Karume, stempu, kanga na picha rasmi za ofisini. Rais mpya anapoingia madarakani, picha yake hupanda ukutani na ile ya zamani mara nyingi huishia nyuma ya kabati. Huko nyuma ya kabati ndiko ninakovuna. Nyingine nimezipata Mlango Mmoja, katikati ya mitumba.

Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za zamani zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, majirani walikimbilia benki, nami nikawakimbilia majirani. Wengi hudhani noti yenye sura ya Mwalimu ina saini yake. Hapana, noti zetu husainiwa na Waziri wa Fedha na Gavana. Saini ya Rais iliyowekwa kwa mkono wake ni kitu adimu, na ndiyo maana karatasi moja katika sanduku langu imezua mjadala mrefu katika familia yetu.

Ni barua ya mwaka 1971, mistari sita ya taipu, na chini yake saini ya wino. Marehemu baba yetu alikuwa katekista, tena mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hapa Mwanza palikuwa na makao ya mradi wa kisomo wa UNESCO kwa mikoa ya Ziwa. Baba alimwandikia Rais kueleza kwamba wanafunzi wake, wengi wao akina mama, walikuwa wanajua kuandika majina yao. Akajibiwa. Barua hiyo aliitunza ndani ya Misale yake hadi alipoitwa na Bwana.

Mwaka jana mtu mmoja alitoa bei ya kuinunua. Haikuwa bei ya utani. Mdogo wangu ana watoto wawili chuoni, akasema waziwazi kwamba karatasi haili wala hainywi. Dada yetu mkubwa akasema kuuza barua ile ni kama kumuuza baba. Wote wawili walinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mtunza sanduku.

Nilianza kwa kuuliza soko linasemaje. Marekani biashara ya saini za marais ni kubwa. Nakala moja ya Tangazo la Ukombozi wa watumwa, yenye saini ya Abraham Lincoln, iliuzwa New York mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 3. Lakini wakusanyaji wa huko wana wasiwasi wa kudumu, kwa sababu kwa miongo mingi marais wao wametumia pia mashine inayoiga mwandiko. Mtu anaweza kulipa fedha nyingi kwa karatasi ambayo Rais hakuigusa kamwe. Kwa hiyo hata soko lenyewe linakiri kwamba kinachotafutwa si wino. Kinachotafutwa ni mtu, kwamba alikuwapo, akasoma, akakubali.

Kisha nikauliza Kanisa linasemaje. Tangu mwaka 2005, Jimbo la Musoma lilipoanzisha mchakato wake, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere huitwa Mtumishi wa Mungu. Kanuni ya 1190 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Hapa tuwe waangalifu, ndugu msomaji. Mwalimu hajatangazwa Mwenyeheri, hivyo vitu vyake si masalia, na hairuhusiwi kumpa heshima ya hadharani inayotolewa kwa watakatifu. Kwa hiyo kanuni hiyo haikumfunga mdogo wangu, nami nilimwambia hivyo bila kumficha.

Lakini katika mchakato wa namna hii Kanisa hutafuta maandishi yote ya Mtumishi wa Mungu, yaliyochapishwa na yasiyochapishwa, barua zikiwemo. Neno zito hapo ni "yote". Mkusanyaji kama mimi huchagua. Hupenda barua ya shukrani, picha ya tabasamu, kitabu chenye saini nzuri. Kanisa halichagui. Linataka na yale yanayouma, kwa sababu halitafuti sifa za marehemu, linatafuta ukweli juu yake.

Na yanayouma yapo. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumshikilia mtu bila kumfikisha mahakamani, kwa amri iliyotiwa saini kwa mkono wake. Mwaka ule ule wa 1971 ambao baba yangu alipokea mistari yake sita ya furaha, Bibi Titi Mohamed, mpiganaji mwenzake Mwalimu tangu siku za TANU, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini. Mwaka 1972 alitoka kwa msamaha wa Rais huyo huyo.

Sisi wa Butimba hatuhitaji kuelezwa sana habari hizi. Tunaishi na gereza. Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba au 26 Aprili, utaona akina mama wamekaa wakisubiri, wengine wametoka ng'ambo ya ziwa, wakiuliza kama jina la mtoto wao limo katika Msamaha wa Rais. Hawa hawana haja na saini ya kuweka kwenye fremu. Kwao saini ya Rais ni lango linalofunguka au linalobaki limefungwa.

Tena kuna saini ambazo hakuna mkusanyaji atakayezipata, kwa sababu hazikuwekwa. Kwa sheria yetu, hukumu ya kifo haitekelezwi bila Rais kuidhinisha, na tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Karatasi zimebaki, watu wameendelea kuishi. Baba Mtakatifu Fransisko aliporekebisha Katekisimu mwaka 2018 na kufundisha kwamba adhabu hiyo haikubaliki, nilifikiri juu ya mikono hiyo iliyoacha kalamu mezani. Katika sanduku langu nafasi yake ni tupu, na naiheshimu.

Mtume Paulo naye alijua uzito wa mwandiko. Katika barua yake kwa Filemoni, akiwa mwenyewe kifungoni, anaandika kwa mkono wake kwamba deni lolote la Onesimo atalilipa yeye. Barua ile imetufikia kwa nakala za wengine. Karatasi aliyoigusa Paulo ilipotea zamani, na ahadi yake bado tunaisoma.

Hayo ndiyo niliyowaeleza ndugu zangu tulipokaa sebuleni kwa dada. Tulikubaliana hivi. Barua haiuzwi. Nakala iliyothibitishwa itapelekwa Musoma, na karatasi yenyewe itabaki kwa familia mpaka waitakapo. Ada ya watoto wa mdogo wangu tutaichangia sote, na mimi nimetoa mchango wangu wa kwanza kwa kuuza baadhi ya sarafu. Mdogo wangu hakufurahi sana, lakini alikubali, na kukubali bila kufurahi kuna thamani yake.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwenu pia kuna barua, cheti au amri yenye saini ya mkubwa fulani. Kabla hujauliza bei yake, isome. Tazama ilimfungua nani na ilimfunga nani. Kama inamsifu aliyeiandika, itunze. Kama inamshitaki, itunze zaidi, kwa maana hiyo ndiyo ambayo wengi wangependa ipotee.