Ua Lililotaka Ua

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kizuri hakikosi ila. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaifafanua katika mitihani na kutuzwa alama, lakini sikuielewa barabara hadi pale ilipokaribia kutugharimu uhai wa mtoto. Kisa chenyewe, mpenzi msomaji, kinahusu ua.

Nyumbani kwetu Msambweni, katika kaunti ya Kwale, bibi mzaa mama alikuwa na kibustani nyuma ya jiko. Humo, kando ya ua wa makuti, kila masika yalipoanza uliibuka mmea mwembamba usioweza kusimama peke yake. Majani yake huishia katika ncha ndefu zinazojikunja mithili ya mkia wa kinyonga. Ncha hizo zikigusa kijiti, hukishika, na mmea ukazidi kukwea. Hatimaye maua huchanua yakiwa yameinamisha vichwa, ilhali petali zake sita zenye mawimbi zimepinduka kuelekea juu kama ndimi za moto. Huanza na rangi ya kijani, zikaingia manjano na wekundu, mwishowe zikawa nyekundu tupu. Bibi aliliita ua la moto. Wanasayansi huliita Gloriosa superba, jina alilolipa Linnaeus mwaka wa 1753. Ingawa watu hulifananisha na yungiyungi na nyinyoro, si la ukoo wa mojawapo. Ni mwenyeji wa Afrika na Asia ya kusini, na Zimbabwe imelifanya kuwa ua lake la taifa.

Bibi alituruhusu kulitazama. Kuligusa hakuturuhusu kamwe. "Mwenyewe yuko chini, amelala," alikuwa akituambia. "Anayemwamsha kabla ya mvua hulala yeye mahali pake." Sisi wajukuu tulipita pale kwa kunyata. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuchimba.

Mwaka wa 2018, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, tulitakiwa kuandika insha ya fasihi simulizi kuhusu miiko ya nyumbani kwetu. Niliutaja mwiko wa bibi, nikauweka katika kundi la vitisho visivyo na msingi ambavyo wazee huvitumia kuwanyamazisha watoto. Nilijiona msomi. Nilipata alama nzuri, na insha ile ningali ninayo. Sikumuuliza bibi hata swali moja.

Bibi alifariki mwaka wa 2021. Kaka yangu na familia yake wakahamia katika nyumba ile, wakaamua kuongeza chumba pale palipokuwa na kibustani. Nilisikitika. Mapema mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, nilifunga safari kwenda kuviokoa viazi vya ua la moto ili nivipande upande wa pili wa nyumba.

Kazi hiyo inahitaji mkono mtaratibu. Kiazi chake kina umbo la herufi V, vidole viwili vilivyoungana kwenye pembe, na kila kidole kina chipukizi moja tu nchani. Ncha hiyo ikivunjika, kidole kizima huwa bure. Hakina jicho jingine kama kiazi cha mbatata. Wakati wa kukichimba ni baada ya majani kukauka yenyewe, kwani kiazi cha zamani hunywea na kuacha kingine kipya mahali pake. Ukikata majani mapema, unakinyima kile kipya chakula chake. Wakati wa kupanda, hulazwa ubavu katika kina cha sentimita 5 hadi 10, kwenye udongo wa kichanga uliochanganywa na samadi kidogo, na kijiti cha kukwea huchomekwa siku hiyo hiyo ili kisije kikakijeruhi kiazi baadaye. Maji yakituama, kiazi huoza. Haya yote niliyasoma, nikayatekeleza kwa bidii. Nilipata viazi kumi na kimoja vizima. Nikavipangusa mchanga, nikavitia katika kikapu, nikakiweka barazani vikauke kivulini. Kando yake palikuwa na kikapu kingine, cha viazi vitamu.

Mwana wa kaka yangu alikuwa na umri wa miaka mitatu. Nilimkuta ameketi baina ya vikapu viwili, ameshika kidole cha kiazi kilichomegwa, anatema na kukunja uso. Nilimsafisha kinywa kwa mikono iliyotetemeka. Kabla hatujafika hospitalini alikuwa ameanza kutapika.

Ni katika benchi la hospitali ile, nikimsikiliza daktari akieleza, ndipo bibi aliponifundisha somo ambalo sikulitafuta alipokuwa hai. Kila sehemu ya mmea huu ina sumu iitwayo kolkisini, na kiazi ndicho chenye hatari kubwa. Sumu hiyo huzuia seli za mwili zisigawanyike. Huanza kwa kutapika na kuhara, na mgonjwa anaweza kuonekana amepata nafuu huku viungo vya ndani vikiharibika. Huko Sri Lanka wapo waliokufa baada ya kukipika wakidhani ni kiazi cha kuliwa. Ajabu ni kwamba dawa hiyo hiyo, ikipimwa kwa uangalifu mkubwa, hutibu ugonjwa wa jongo, na wakulima wa Tamil Nadu, India, huupanda mmea huu kwa ajili ya mbegu zinazotolewa dawa hiyo.

Mtoto alilazwa siku nne. Alikuwa ametema sehemu kubwa kuliko aliyomeza, na kwa rehema za Mola akapona. Kaka yangu hakunigombeza. Tuliporudi nyumbani alinionyesha kile kikapu, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, chagua: maua yako au mtoto huyu."

Sikuwa na jibu. Kuyachoma ilikuwa haki yake, na kosa lilikuwa langu. Hata hivyo, niliona kwamba kuviteketeza viazi kusingeufuta mmea wenyewe, kwani huota pia vichakani katika pwani yetu, na mtoto asiyeujua angekutana nao siku nyingine akiwa peke yake. Miaka yote ambayo bibi aliishi nao, wajukuu wake hawakudhurika. Bibi hakuwa na kufuli wala kibao cha onyo. Alikuwa na sentensi mbili tu. Sentensi zile zilizikwa pamoja naye, kwa sababu mimi niliyezisikia nilikuwa nimeziandikia insha ya kuzidharau, na sikumrithisha mtoto yeyote.

Waama, sote tulifunzwa homonimu kwa neno ua: ua la kunusa, ua la kuzungushia nyumba, na ua kwa maana ya kutoa roho. Darasani tulicheka. Katika kibustani cha bibi maana zote tatu zilikuwa mahali pamoja, na mwiko wake ndio uliokuwa ua.

Nilimwomba kaka idhini ya kubakiza viazi vitatu. Vilivyosalia tukavichoma kwenye shimo mbali na nyumba. Vitatu hivyo nilivipanda kwa glavu ndani ya uzio wa wavu wenye mlango na kufuli, na ufunguo anao kaka. Kisha nikawaketisha watoto wote wa boma, nikawaambia maneno ya bibi kama alivyoyasema, halafu nikaongeza yale ambayo bibi hakuyasema: kwamba anayelala chini ni kiazi, kwamba kina sumu, na kwamba hakifanani na kiazi kitamu ukikitazama vizuri.

Masika yalipofika, viwili viliota. Kimoja kilioza. Kaka huyatazama maua hayo kutoka mbali, na sijawahi kumlaumu. Lakini mwaka jana nilimsikia mwanawe, sasa mwanafunzi wa shule ya msingi, akimwonya mwenzake aliyekaribia wavu: "Mwenyewe amelala. Usimwamshe."

Wenzangu tunaokusanya fasihi simulizi vijijini, nawasihi: kabla hamjauita mwiko ushirikina, muulizeni aliyewapa unazuia nini. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, na nusura mtoto alipe.