Hekalu la Ise Lijengwalo Upya Kila Miaka 20

Katika nchi ya Japani, kando ya mto Isuzu, liko hekalu la Ise, mashuhuri kupita yote ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani. Lina sehemu kuu mbili. Naiku, sehemu ya ndani, ni ya Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Geku, sehemu ya nje, ni ya Toyouke, mlinzi wa chakula, na huko makuhani hutoa sadaka ya wali, chumvi na maji kila siku asubuhi na jioni.

Mgeni atazamiaye kuta za mawe ya kale hatazikuta. Nyumba zenyewe ni za mbao zisizopakwa rangi, zimeezekwa kwa nyasi, na nguzo zake zimechimbiwa ardhini bila msingi wa mawe. Nguzo ya namna hiyo haina budi kuoza. Basi tangu mwaka 690 imekuwa desturi kujenga hekalu jipya katika kiwanja cha ubavuni, kwa vipimo vile vile, kila ipitapo yapata miaka 20, kisha lile kuukuu huvunjwa. Kijana aliyejifunza kushika patasi katika ujenzi mmoja huwa fundi mkuu katika ujenzi ufuatao.

Hata hivyo desturi hiyo ilikaribia kufa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 15 vilimaliza fedha, na kwa zaidi ya miaka 120 ujenzi ukasimama. Aliyeufufua hakuwa jemadari, bali Seijun, mtawa wa kike tena wa dini ya Buddha, aliyezunguka akiomba michango hata Geku ikajengwa mwaka 1563. Naiku ilingoja hadi 1585. Vivyo hivyo, ujenzi wa mwaka 1949 uliahirishwa hadi 1953, kwa kuwa nchi ilikuwa imeshindwa vitani.

Miti nayo ilileta shida. Miberoshi minene ya karibu ilikwisha, magogo yakatolewa mbali katika milima ya Kiso. Mwaka 1923 ulianza mpango wa miaka 200 wa kupanda msitu wa hekalu, na waliopanda walijua kwamba hawataikata miti hiyo. Katika ujenzi wa 62, mwaka 2013, sehemu ya mbao ilitoka msituni humo.

Nguzo kuu zitolewazo hazitupwi: huchongwa upya zikawa malango ya daraja la Uji, na baada ya miaka 20 mingine hupelekwa kusimama mahali pengine.