Sauti Iliyokatwa Kichwa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya faili moja. Si ya kazini. Ni faili ya sauti ya dakika 11 niliyorekodi Homa Bay Desemba 2019, nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi ya kompyuta.

Jioni hiyo mimi na mjomba wangu tulipanda matatu Migori, tukapita Awendo, Rongo na Rodi Kopany mpaka Homa Bay. Yeye alibeba orutu yake ndani ya gunia, mimi nilibeba simu mpya. Alikuwa amealikwa kupiga na bendi ya ohangla. Kwa wale wasiojua, orutu ni fidla ya Wajaluo yenye uzi mmoja tu. Ohangla ni ngoma ambazo kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, na ndilo jina la muziki wake pia. Siku hizi huongezwa kinanda cha umeme, na vyote hupitishwa kwenye spika.

Sasa spika zenyewe! Zilinizidi kimo, na ampifaya ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Orutu ilipoingia haikusikika kama uzi, ilisikika kama msumeno unaokata mabati. Mimi na usomi wangu nikamfuata kijana wa mitambo: "Boss, sauti inapasuka, punguza kidogo." Akacheka. "Nikipunguza, hao watakaa chini." Nikageuka kutazama. Kweli, hakuna aliyekuwa ameketi.

Programu ya simu ya kupima kelele (si kipimo cha maabara, lakini basi) ilionyesha zaidi ya desibeli 100. Kwa mujibu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, mtu anaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hugawanywa mara mbili. Kwa desibeli 100 unabaki na dakika 15. Mimi nilikaa mpaka alfajiri! Masikio yalilia siku mbili.

Mwaka 2020 nilisikiliza albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Makelele matupu, rafiki yangu alisema. Mimi nilikumbuka Homa Bay. Nikawarudia pia Konono N°1 wa Kinshasa, waliopata sifa duniani kwa albamu ya Congotronics. Walipiga likembe kupitia maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari. Mitambo ilikwaruza sauti, nao wakaufanya mkwaruzo huo kuwa sehemu ya muziki. Hapo nilimwelewa yule kijana wa mitambo.

Mwaka 2021 mjomba alipata kiharusi. Mkono wa kushoto, ule unaobonyeza uzi, haukurudi. Ndipo nilipoitafuta ile faili, maana hakuna rekodi nyingine.

Nikaifungua kwa Audacity, programu huria ambayo wengi wenu mnaijua. Badala ya mawimbi nikaona ukuta. Hebu niwaeleze. Kompyuta hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo cha biti 16 kina kikomo: namba 32,767. Sauti ikizidi hapo, huandikwa namba ile ile. Kilele cha wimbi hukatwa kikawa bapa. Kilichokatwa hakikuhifadhiwa popote, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Audacity ina kifaa kiitwacho Clip Fix ambacho hukisia vilele vilivyopotea kwa kutazama pande zote mbili. Nilikijaribu usiku kucha. Kikanipa orutu laini, safi... na si ya mjomba.

Kumbe kulikuwa na mikato miwili. Mmoja ulitoka kwenye spika. Huo ulikuwa wa usiku ule, watu waliucheza. Wa pili ulitoka kwenye simu yangu, na huo ni uzembe wangu. Nilijua kumsahihisha mwenye mitambo, sikujua kushusha kiwango changu mwenyewe cha kurekodia. Na sasa mikato hiyo imechanganyika, hakuna programu inayoweza kuitenganisha.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba faili zote mbili kule Migori. Alisikiliza ile iliyosafishwa, akanyamaza. Nikaweka ile mbovu. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kugonga goti. Akaniambia kwa Kijaluo, "Ongeza sauti."

Basi, ndugu msomaji, kama una mzee anayepiga chombo, mrekodi sasa. Jaribu dakika moja kwanza, utazame mita, uache nafasi juu. Sauti ndogo unaweza kuikuza baadaye. Iliyokatwa ndiyo basi tena.

Tuonane wiki ijayo.