Mfuko ulio nyuma ya mlango

Wamama wenzangu, katika mkutano wetu uliopita mama mmoja alisema: «Mwalimu, sisi tunanunua unga wa leo, tunakula leo. Unatuambia tuweke akiba, tutaitoa wapi?» Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini nilirudi nyumbani na swali lake kichwani. Mimi mwenyewe nilikuwa ninasema vile vile mpaka siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021.

Jioni ile tulikuwa nyumbani, Majengo. Kama saa moja ya usiku, mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo. Wale walioona mwaka 2002 hawakungoja kuambiwa. Mama mkwe wangu, ambaye mwaka ule moto wa volkano ulimeza nyumba yake, alisimama, akafunga kitenge cha pili juu ya kile alichovaa, akasema tu: «Twende.» Mimi nilizunguka nyumba kama kuku. Munajua nilichukua nini? Diploma yangu ya ISP, ndani ya kioo chake. Pasi ya makala. Sufuria mpya, tupu. Maji sikuchukua. Chakula sikuchukua. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilibaki katika valizi juu ya kabati.

Barabara ya kwenda Sake ilijaa watu, pikipiki, chukudu, magodoro na mbuzi. Mdogo alikuwa mgongoni. Mkubwa alishika kitenge changu. Wa pili, mwenye miaka 5, nilimshika kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ulibeba ile diploma. Kabla ya kufika Ndosho gari lilipiga honi, watu wakasukumana, nikabadilisha mkono. Nilipogeuka, hakuwepo.

Juu ya usiku ule sitaandika mengi. Tulimpata kesho yake asubuhi, katika kanisa moja ambamo wamama walikuwa wamekusanya watoto waliopotea. Walikuwa wengi, wamelala kwenye viti, wengine bila viatu. Mama aliyemtunza wangu aliniambia: «Tulimuuliza jina la mama yake, akajibu: Mama. Baba ni nani? Papa. Munaishi wapi? Kwetu.» Hakuwa ananilaumu, alikuwa amechoka. Lakini mimi ni mwalimu wa mwaka wa kwanza. Kila siku ninafundisha watoto wa watu wengine kutaja majina yao, na wangu hakujua jina langu.

Asubuhi ile tulisikia kwamba moto umesimama Buhene, hatua chache kutoka mjini. Tulirudi. Ardhi iliendelea kutetemeka, mchana na usiku, kuta zikapasuka. Siku ya ine, tarehe 27, usiku wa manane, watu wa kartie 10 za mji waliambiwa waondoke. Majengo ilikuwa ndani ya hizo.

Mara hii nilijiona mwenye akili. Nilibeba kilo 10 za maharagi na unga wa muhogo. Tulipofika Sake, mji mdogo uliojaa kupita kiasi, ndipo nilipoona ujinga wangu. Maharagi yanadai saa mbili au tatu za moto. Makala yalikuwa yamepanda bei. Maji safi yalikuwa shida, na sote tunajua kipindupindu kinafanya nini mahali penye watu wengi na maji machafu. Kilo zangu 10 zilikaa siku mbili katika mfuko, huku watoto wanakula biskuti nilizonunua kwa bei ya kulia.

Kando yetu alikuwa mama mmoja wa Masisi, aliyekimbia mara nyingi kuliko mimi. Alifungua kitambaa: karanga za kukaanga, sambaza zilizokauka vizuri, na unga wa mahindi na soja uliokaangwa kabla ya kusagwa. Alichemsha maji kidogo kwenye mafiga matatu kwa vijiti vya kuokota, akakoroga uji kwa dakika chache, akawapa watoto wake, kisha wangu. Hakuniuliza kama nina kitu cha kumrudishia. Nilimwachia kilo 5 za maharagi, akacheka, akasema atayapika siku atakayokuwa na nyumba.

Yule mama alinitia akili kuliko vitabu vyangu vyote. Tangu siku hizo, nyuma ya mlango wetu unaning'inia mfuko wa mgongo. Ndani mna kilo 2 za unga wa masoso uliokaangwa, karanga, sukari, chumvi, sambaza katika kopo lililofungwa vizuri. Mna chupa za maji, kikombe, kisu, kiberiti ndani ya plastiki, toshi, sabuni, vitambaa vya hedhi (tusione haya, mambo hayo hayangoji amani), dawa za homa, vidonge vya kutibu maji. Vyeti vya watoto, kadi za uchaguzi na kopi ya diploma vimefungwa katika plastiki mbili. Kijiko kidogo hakikosekani, kwa ajili ya maji ya kuhara: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si mlima. Chumvi ikizidi, inamdhuru mtoto.

Na kila mtoto wangu anajua kusema majina yangu kamili, jina la avenue, na namba ya telefone ya shangazi yake wa Bukavu. Mdogo, asiyeweza kukariri, nguo zake nimeziandika ndani kwa kalamu isiyofutika. Jambo hili halina bei, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia atatoa wapi.

Neno lingine, kwa wale wanaopita njia ya Sake: musilaze watoto kwenye mashimo wala mabonde karibu na ziwa. Mazuku hukaa chini, haionekani, na mtoto aliye mfupi ndiye anayeivuta kwanza.

Lakini mfuko hautoshi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, hatari haikutuambia tukimbie. Ilituambia tulale chini, tusitoke. Risasi zilipita juu ya mabati, umeme na maji vikakatika, soko likafungwa. Siku zile mfuko wa mlangoni ulifaa kidogo, na kilichotuokoa ni bidoni mbili chini ya kitanda. Bidoni ya litre 20 kwa familia ya watu 6 haimalizi siku mbili kwa kunywa tu. Waliokosa maji walishuka ziwani, na munajua hatari yake.

Sasa ninamjibu mama. Mshahara wa mwalimu munaujua, mimi pia sinunui gunia. Kila nikinunua unga, ninatoa kikombe kimoja kabla ya kupika na kukitia katika bidoni safi, iliyokauka kabisa. Maharagi vile vile: ninayaanika juani, ninajaza bidoni mpaka mdomoni, ninapiga chini ili yashuke, ninaongeza, kisha ninafunga kwa nguvu. Dudu likikosa hewa linakufa. Nikiiacha nusu, linakula kabla yetu. Kila siku ya posho ya mwisho wa mwezi tunakula cha zamani na kuweka kipya. Wazee wetu waliita siku hiyo hivyo kwa sababu wafanyakazi waligawiwa chakula chao, basi na sisi tunajigawia.

Kazi ngumu ni watoto. Juzi nilipima kopo la karanga, likawa nusu. Wote watatu walikana. Yule wa kanisani, ambaye sasa ni kijana wa masomo ya msingi, alisema labda ni panya. Panya anayefungua kopo na kulifunga tena! Nimejaza upya, na nimeliweka chini kabisa ya mfuko.

Katika likelemba yetu ninaomba jambo moja. Mwezi huu, badala ya sahani, tumpe anayepokea bidoni mbili na kilo 3 za masoso. Siku ya posho ijayo nitaleta soja na kikaango, tukaange pamoja kwangu. Kila mmoja alete kikombe cha mahindi, na anayeweza, vijiti vya moto.