Bata wa Mindu na Haki ya Mwindaji

Mtu akitoka mjini Morogoro kwa barabara ya Iringa, hapiti mwendo mrefu ila ataliona ziwa la Mindu limetandazwa chini ya vilima. Wageni wengi hudhani ni ziwa la asili, kumbe ni bwawa: mto Ngerengere ulizibwa ili watu wa mji wapate maji ya kunywa. Nyuma yake imesimama milima ya Uluguru, ambayo asubuhi huvaa ukungu hata kilele cha Lupanga kisionekane. Maji yatoka huko. Msitu wa juu hupokea mvua na mawingu, ukayaachilia maji kidogo kidogo. Mito mingine yaja kwetu, na mingine hushuka upande wa pili kuingia mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa na wakazi wengi wa Dar es Salaam. Mwaka 2008 Serikali iliufanya msitu huo kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini mimi hapa nataka kusema habari za ukingo wa bwawa, si za kilele. Pale ukingoni, penye matete, utawaona yangeyange wamesimama kama watu wa swala, na mnandi wameanika mbawa zao. Na ukibahatika utawaona bata mwitu wenye uso mweupe, ambao sauti yao ni kama mluzi wa mtoto aendaye kuchunga.

Siku moja mwanafunzi wangu wa madrasa alinijia na bata huyo katika kikapu. Alikuwa amemnasa kwa kitanzi alichokitega ndani ya maji, na alipofika asubuhi alimkuta amekwisha kufa. Akaniuliza, “Maalim, huyu halali?”

Nikamwambia si halali. Mnyama aliyekufa kwa kunyongwa ametajwa katika Suratul Maida miongoni mwa vilivyoharimishwa. Na hata angalipigwa mshale, jambo lingetaka uangalifu, kwa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha Adiy bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, kwamba windo likionekana limezama majini lisiliwe, maana haijulikani kama limeuawa na mshale au limeuawa na maji. Mambo ya risasi wanavyuoni wamehitilafiana, na aliye salama ni yule amwahiye ndege angali hai akamchinja. Wako watu wanaojiita wawindaji na haya hawayajui.

Kijana akafikiri kidogo, kisha akasema, “Basi ningalimwahi nikamchinja, nisingalikuwa na kosa?”

Hapo nilinyamaza, kwa sababu swali lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Liko kosa la sheria, kwani kumwinda ndege wa porini kwataka kibali. Na liko jingine zaidi ya hilo. Nikamsimulia habari za wawindaji wa bata wa Marekani.

Katika miaka ya 1930 nchi ile ilipatwa na ukame mkali, na kabla yake wakulima walikuwa wamekwisha kuyakausha mabwawa mengi na kuyageuza mashamba. Bata wakapungua sana. Mwaka 1934 ikatungwa sheria kwamba kila mwindaji wa bata aliyetimia miaka 16 anunue stempu kila mwaka. Ya kwanza iliuzwa dola 1. Fedha hiyo ikawa ya kununulia na kutunzia vinamasi, na mpaka leo zaidi ya ekari milioni 6 zimehifadhiwa kwa njia hiyo. Mwaka 1937 wawindaji wenyewe wakaunda chama chao, wakachanga fedha Marekani na kuzipeleka Kanada, nchi nyingine kabisa, kwa kuwa bata wao wengi walikuwa wakitaga huko. Wakatengeneza kuta, wakarudisha maji mahali palipokauka. Watu hao hawakuacha kuwinda. Ila walitambua kwamba achukuaye bata anadaiwa maji anayokaa bata.

Msomaji asidhani mambo haya hayajafika kwetu. Katika mkoa wetu, baina ya mto Wami na barabara iendayo Dar es Salaam, liko pori la Wami-Mbiki. Tangu miaka ya 1990 Chama cha Wawindaji cha Denmark kilishirikiana na vijiji 24 kulitenga pori hilo, wanavijiji wenyewe wakawa walinzi wake, nao mto ukapata kivuli chake. Kazi ilikuwa njema. Lakini msaada wa wageni ulipokoma, doria zililegea. Wachoma mkaa wakaingia, na makundi ya mifugo yakafuata. Sasa pori lile limekuwa pori la akiba mikononi mwa Serikali. Mimi siwalaumu wale Wadenmaki, wala siwalaumu wanavijiji peke yao. Ila naona tofauti: kule Marekani aliyelipa ni yule yule aliyekula bata, naye alilipa kila mwaka. Hapa aliyelipa alikuwa mgeni, na mgeni mwisho wake ni kurudi kwao.

Sisi Waislamu haya si mageni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqii iwe hima, malisho ya farasi wa Waislamu, na katika haramu ya Madina alikataza kukata miti na kuwinda. Wanavyuoni wa fiqihi wameandika juu ya harimu ya kisima, yaani nafasi ya pembeni isiyomilikiwa na mtu wala kufanyiwa jambo la kuyadhuru maji. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudhuru mazingira ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Ni harimu kwa jina jingine.

Niliyasema hayo darasani, na baada ya Ijumaa mbili akanijia baba yake yule kijana. Hakuja kwa furaha. Analima mchicha na nyanya karibu kabisa na maji ya Mindu. “Maalim,” akasema, “mwanangu aniambia shamba langu limo katika harimu. Sasa wanafunzi wako watakula hadithi?”

Nilimkaribisha chai. Sikuwa na jawabu la kumshibisha, maana nyanya zile ndizo zilizoilipa ada ya madrasa, nami mshahara wangu umo humo. Tuliongea mpaka adhana ya Alasiri. Aliniambia mwenyewe kwamba kila masika udongo wa shamba lake huingia bwawani, na kwamba zamani maji pale yalimfika kifuani ambapo sasa yamfika gotini. Hakuniahidi neno.

Mwezi uliopita nilipita pale. Mistari minne ya nyanya iliyo karibu na maji haipo tena, na mahali pake pamepandwa mabingobingo, ambayo huyakata akamlishia ng'ombe wake. Mistari mingine sita ingali ndani ya mita 60. Kijana aliniona kutoka mbali akaja mbio kunionyesha vitanzi vyake vyote, amevifungua na kuvisuka kamba ya kumfungia huyo ng'ombe. Bata sikuwaona siku ile, ila niliusikia mluzi wao ndani ya matete.